Walikuwamo Watu Wangapi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotugawa tangu Siku ya Wanafunzi wa Zamani. Wale waliokuwapo watakumbuka kwamba baada ya chakula cha mchana wageni wetu walitembezwa mpaka chumba cha kompyuta. Huko wakawakuta wavulana wawili wa Kidato cha Pili wakicheza mchezo wa kurusha ndege za vita. Mmoja wao akaruka kitini akapiga kelele kwamba amezamisha meli. Mzee wetu mmoja, aliyemaliza masomo hapa kabla wengi wa baba zetu hawajazaliwa, alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

Jioni, mkutanoni, mzee yule alitoa shauri. Alitaka michezo yote ya vita ifutwe katika kompyuta za shule, na vile vichekesho vya zamani vya televisheni juu ya askari, ambavyo huonyeshwa ukumbini Jumamosi usiku, visionyeshwe tena. "Mnawafundisha watoto kuua huku wakicheka," alisema. Wengine walipiga makofi, wengine walinung'unika. Kura haikupigwa. Mwalimu Mkuu alisema wanafunzi wapewe nafasi ya kusema kwanza. Basi haya ndiyo yangu.

Yafaa nianze kwa kuungama. Mimi ni katibu wa Chama cha Urubani, kile chama kidogo kinachokutana Jumatano katika chumba hicho hicho. Michezo ikifutwa, chama chetu kimekufa. Msomaji aliye na hekima atanisikiliza kwa tahadhari, kama anavyomsikiliza muuza samaki anaposifu samaki wake. Lakini nitasema pia jambo ambalo halinipi sifa hata kidogo, na hapo kila mtu ataamua mwenyewe.

Kwanza, niseme habari ya mashine yenyewe. Watu wengi hudhani kurusha ndege kwa mchezo kulianza na vijana wavivu waliokosa kazi. Sivyo. Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda katika mji wa Binghamton, alitengeneza ndege isiyoruka. Ilikuwa kibanda kidogo chenye mabawa mafupi, kilichokaa juu ya mifuko ya hewa, mfano wa ile inayovuma ndani ya vinanda vya kanisani. Mwanafunzi akivuta usukani, kibanda kiliinama na kugeuka kama ndege halisi. Watu walikiona ni kitu cha kuchezea maonyeshoni tu. Lakini mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa kuruka usiku na katika mawingu wasikojua kuongozwa na saa za mbele yao. Ndipo jeshi likanunua vibanda 6 vya Link. Wakati wa Vita vya Pili malaki ya marubani walifundishwa humo kabla ya kupewa ndege za kweli. Kwa hiyo mchezo huu, tangu asili yake, ulikuja ili vijana wasife. Sioni vema kuutupa bila kukumbuka jambo hilo.

Pili, si kweli kwamba sisi chamani hupiga risasi mchana kutwa. Muhula uliopita tulishika safari ndefu ya ndege iitwayo Catalina. Nayo ni ndege ya maji, ina injini mbili juu ya bawa moja pana, na tumbo lake ni kama mashua. Mwaka 1943 vikosi vya 259 na 265 vya jeshi la anga la Uingereza viliundwa Mombasa vikiwa na ndege hizo, kazi yao kulinda misafara ya meli katika Bahari ya Hindi. Catalina huenda mwendo wa kilometa 200 hivi kwa saa, na iliweza kukaa angani mchana kutwa na zaidi. Sisi tuliirusha kutoka Mombasa kwa zamu, mtu mmoja akishika usukani, mwingine akishika ramani, wa tatu akitazama maji. Kwa saa tatu hatukuona kitu ila maji. Wavulana wawili walitoroka kwenda kucheza mpira. Waliobaki tulijifunza jinsi upepo wa ubavuni unavyokupotosha kilometa nyingi bila wewe kuhisi, na kwa nini hesabu za pembe tatu tunazozichukia ziliwahi kuwa tofauti ya kufika na kutofika. Mwalimu wetu wa hesabu ni shahidi.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa nitasema lile lisilonipa sifa.

Likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani, huku kwetu West Nile, na kaka yangu alikuwa ameniazima kompyuta yake. Siku moja baada ya chakula nilikaa barazani nikirusha ndege ya kushambulia meli. Niliiteremsha karibu na maji, nikaachia bomu, nikapanda juu. Nilipogeuka nikaona meli inawaka na kulala ubavu. Nikapiga kelele: "Nimeizamisha!"

Babu alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba. Akauliza, "Umezamisha nini?"

"Meli, Babu."

"Walikuwamo watu wangapi?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Hamna mtu, Babu. Ni mchezo tu."

Hakusema neno. Alichukua bakora yake, akainuka polepole, akaenda kukaa chini ya mwembe, na huko alikaa mpaka jua lilipokaribia kuchwa. Bibi ndiye aliyenieleza jioni, tukiwa jikoni. Nilijua siku zote kwamba baba yake Babu alikuwa askari na kwamba alikufa vitani. Kiswahili tunachosema nyumbani kilitoka kwake, maana ndicho kilichokuwa lugha ya askari. Lakini sikujua alikufa namna gani, wala sikuwahi kuuliza. Alikuwa askari wa mizinga, akafa maji katika meli iliyozamishwa. Babu alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Mama yake aliletewa habari kwamba mumewe amepotea baharini, na kwa miaka mingi alikataa kufanya matanga. Kwetu hakuna bahari. Mtu aliyekufa mtoni huonekana siku ya tatu. Mama yule hakuweza kuamini kwamba yako maji yanayoweza kummeza mtu mzima yasimrudishe kabisa.

Nilirudi shuleni na aibu yangu, nikaingia maktaba. Nitaandika hapa niliyoyapata, kwa kuwa naona kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki yafaa ayajue, na katika vitabu vyetu vya historia sikuyakuta.

Meli ile iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa meli ya abiria iliyoundwa Scotland mwaka 1922 kwa jina la Aconcagua, kisha ikauzwa kwa kampuni ya Misri, na vita vilipokuja ikafanywa ya kuchukua askari. Mapema mwezi wa Februari 1944 iliondoka bandari ya Kilindini pamoja na meli nyingine 4 za askari kwenda Colombo, Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi kimoja, Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakielekea vita vya Burma. Walikuwamo pia mabaharia, na wauguzi na wanawake wengine wa jeshi.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, kiasi cha saa nane na nusu mchana, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga meli ile kwa makombora mawili ya chini ya maji. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Msomaji atazame saa yake, ahesabu dakika mbili, na awaze watu elfu moja na mia tano wakitafuta ngazi. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Hayo si yote. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, zilikuwa zikilinda msafara. Paladin ilishusha mashua kuokoa waliokuwa wakielea. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini, karibu na mahali pale pale walipokuwa watu majini, na meli nyingine za msafara zilikuwa bado zimejaa askari. Petard iliangusha mapipa yake ya baruti yanayolipuka chini ya maji, na miongoni mwa waliokuwa wakiogelea wako waliouawa na milipuko ile. Nyambizi ililazimika kupanda juu, na baada ya mapigano marefu Petard iliizamisha kwa kombora la majini.

Mimi nimezamisha meli nyingi mchezoni, nami nawaambia kwa hakika kwamba hakuna hata mara moja nilipoona kichwa cha mtu majini. Mchezo huonyesha moshi, huonyesha mafuta yakisambaa, huonyesha hata kivuli cha ndege yangu juu ya mawimbi. Waliotengeneza walihesabu misumari ya bawa. Watu hawakuwatia. Wala sikuwahi kuona mchezo ukimweka mchezaji mahali pa nahodha wa Petard, akiwa na mkono juu ya amri na macho yake yakiwatazama wale wanaompungia wakidhani amekuja kuwaokoa. Hapo mzee wetu wa mlangoni anasema kweli, na mimi nakubali mbele ya wasomaji wote.

Tena kuna habari moja iliyonisumbua kwa majuma. Vitabu husema kwamba wakati meli ilipopigwa, abiria wengi walikuwa chini ya sitaha wakiangalia maonyesho ya burudani. Sikujua kama nimwambie Babu au ninyamaze.

Likizo iliyofuata kaka yangu, ambaye ni dereva wa malori ya safari za mbali, alipita katika makaburi ya vita yaliyoko Barabara ya Ngong, Nairobi. Huko ndiko iliko kumbukumbu ya askari wa Afrika Mashariki wasio na makaburi, na wengi wa wale wa Khedive Ismail wameandikwa hapo. Alipiga picha jina moja. Babu aliishika ile simu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kikombe cha chai ya moto. Baadaye akaniuliza, "Wewe umesoma. Saa ile baba alikuwa akifanya nini?"

Nikamwambia ukweli: kwamba vitabu havimtaji mtu mmoja mmoja, lakini wengi walikuwa wakiangalia nyimbo na michezo ya kuchekesha.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huenda alikuwa anacheka."

Sikuona kwamba neno lile lilimwumiza. Nadhani lilimpa kitu ambacho kwa miaka themanini hakuwa nacho.

Kwa hiyo nafika kwenye vichekesho, na hapa simfuati mzee wetu. Yeye husema kuwachekea askari ni kuwadharau wafu. Lakini nani aliyevitunga vichekesho hivyo? Chukueni ule uitwao Dad's Army, ambao televisheni ya BBC iliuonyesha tangu 1968 mpaka 1977. Ni habari ya wazee na vijana wadogo wa mji mmoja wa Uingereza, walioachwa nyumbani kulinda pwani kwa bunduki chache na maneno mengi. Mtungaji wake mmoja, Jimmy Perry, alikuwa mwenyewe kijana katika jeshi lile la nyumbani. Na yule mzee mpole, Godfrey, ambaye kila mara huomba ruhusa ya kwenda chooni na sisi sote ukumbini huangua kicheko, alichezwa na Arnold Ridley. Ridley alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Somme mwaka 1916, na mkono wake wa kushoto haukupona sawasawa. Alirudi tena jeshini mwaka 1939. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mtu wa namna hiyo akituchekesha juu ya vita, mimi sioni nani ana haki ya kumnyamazisha.

Kuna na ule mwingine, It Ain't Half Hot Mum, wa miaka ya 1974 mpaka 1981, ambao Perry aliutunga pamoja na David Croft. Ni habari ya askari wa mizinga waliopewa kazi ya kuimba na kucheza mbele ya wenzao huko India na Burma, na Perry aliwahi kuwa katika kundi la namna hiyo. Nilimwonyesha Babu. Yule sajini mkuu mwenye kifua kikubwa alipoanza kufoka, Babu alicheka mpaka akajifuta macho, akasema masajini wa kambi zote ni ndugu, mama yao mmoja.

Hata hivyo mchezo huo una kasoro, na haifai kuificha. Mtumishi wa Kihindi aliye mkubwa katika mchezo alichezwa na Michael Bates, Mwingereza aliyezaliwa India na kupigana Burma, naye alipakwa rangi usoni. Babu aliliona jambo hilo mara moja. Tena katika sehemu tulizoangalia sisi, hatukumwona askari hata mmoja kutoka kwetu, ingawa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katika matope na mvua za masika ya huko. Babu aliniuliza kama tulikuwa bado hatujafika. Nikamjibu kwamba tulifika, ila aliyeandika hakututazama. Lakini dawa ya jambo hilo si kuzima televisheni. Sisi tuna wazee wanaojua kuchekesha, na tuna Kiswahili. Nani kati yetu ameandika mchezo wa kuigiza wa kambi ya askari wa KAR, akauleta ukumbini?

Sasa nitoe shauri langu, maana si vema kulalamika bila kuleta kitu mkononi.

Michezo isifutwe. Vichekesho visizuiwe. Badala yake, daftari moja kubwa liwekwe kando ya kompyuta. Kila atakayezamisha meli mchezoni, au kuangusha ndege, asiinuke kitini kabla hajatafuta meli moja au ndege moja ya kweli iliyopotea vitani, na kuandika kwa mkono wake jina lake, tarehe, mahali, na watu wangapi walikufa. Akishindwa kupata, amwachie mwenziwe zamu.

Najua yatakayosemwa. Wadogo watalifanya kama adhabu, watanakili bila kufikiri. Nami niliogopa hivyo. Lakini chamani tumelijaribu kwa muhula mzima, na kurasa nne zimejaa. Mmoja aliandika Hood, manowari ya Uingereza iliyolipuka tarehe 24 Mei 1941: walikuwamo watu 1,418, wakapona 3. Aliyeketi baada yake akaandika Bismarck, ile iliyoizamisha Hood, nayo ikazamishwa siku tatu baadaye na watu zaidi ya 2,000 wakafa. Hakuna aliyewaambia waandike hizo mbili pamoja. Kisha kijana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye anapenda Catalina kuliko sisi sote, aliandika nyambizi ya Kijerumani U-197, iliyozamishwa kusini ya Madagaska na Catalina za vikosi vyetu vile viwili tarehe 20 Agosti 1943. Alikuta kwamba walikufa wote, watu 67. Akanijia na kalamu yake akauliza, "Hawa walikuwa maadui. Niwaandike nao?"

Nikamwambia awaandike. Kusema kweli, nilipomjibu sikuwa nawaza kanuni ya daftari. Nilikuwa nawaza kiti cha kamba barazani kwetu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo una Khedive Ismail, kwa mwandiko wangu. Chini ya idadi nimeandika jina moja, lile la kwenye picha, na nimeacha nafasi. Nawaomba wanafunzi wa zamani, hasa wale wanaotoka katika nyumba za askari: kama kwenu yuko mtu aliyepotea katika vita vile, baharini, angani au nchi kavu, tuleteeni jina lake, na kama lipo, neno moja juu yake, alipenda kula nini, aliimba wimbo gani. Nalielekeza ombi hili kwa heshima hata kwa mzee wetu aliyetikisa kichwa mlangoni. Siku atakapokuja tena, nitampa kiti mbele ya mashine. Akipenda, nitamfundisha kurusha Catalina kutoka Mombasa, naye atakuwa mtazamaji wa maji. Ni kazi ya saa tatu, haina risasi hata moja, na njiani ataweza kutueleza anayoyajua.

Ni mimi,
Katibu wa Chama cha Urubani,
Kidato cha Tano